Ghorofa ya Kilimanjaro Ililipiwa kwa Jembe

Wako watu, tena wengine wana kadi za Chama mfukoni, wanaosema kwamba mkulima wa Ndanda hana neno na hoteli ya ghorofa iliyoko Dar es Salaam. Ati ghorofa ni mambo ya mjini, na korosho ni mambo ya shamba. Ati mtu wa Masasi au Newala akiuliza habari za Hoteli ya Kilimanjaro anajitia katika yasiyomhusu.

Maneno hayo ni ya hatari, na sisi tunaofanya kazi ya Chama matawini hatuna budi kuyajibu. Tunasema hivi: hoteli ile inamhusu mkulima kuliko inavyomhusu mgeni anayelala ndani yake. Mgeni analipa usiku mmoja na kuondoka. Mkulima ndiye aliyelipia saruji, vyuma, vioo na mashine ya kupandishia watu juu. Na mtu aliyelipa ana haki ya kuonyeshwa hesabu.

Ndugu wanachama, tuanze mwanzo, maana jambo hili lina historia ndefu kuliko wanavyodhani wengi.

HOTELI YA KAISARI

Hoteli kubwa ya kwanza katikati ya Dar es Salaam haikuwa Kilimanjaro. Ilijengwa na Wajerumani mwaka 1906, wakaiita Kaiserhof, yaani Baraza la Kaisari. Humo walikula na kunywa maofisa, mabwana mashamba na wafanyabiashara wa Kizungu.

Mwaka huo wa 1906, huku kwetu kusini kulikuwa na nini? Vita vya Maji Maji, vilivyoanza katika milima ya Matumbi mwaka 1905, vilikuwa bado vinawaka. Watu walikuwa wamechoka na kodi, wamechoka na kazi za shuruti, wamechoka kulimishwa pamba ambayo faida yake hawakuiona. Mwezi wa Agosti 1905 misheni za Nyangao na Lukuledi zilichomwa moto, na wamisionari wa Masasi wakakimbilia pwani. Abasia yetu ya Ndanda yenyewe ilianzishwa mwaka 1906, baada ya moto huo. Serikali ya Kaisari ilijibu kwa bunduki, na bunduki ilipochelewa ikajibu kwa njaa: ghala zikachomwa, mashamba yakateketezwa. Wajerumani wenyewe walikisia kwamba watu 75,000 walikufa. Wako wanahistoria wanaofikisha hesabu hiyo laki mbili na nusu hadi laki tatu.

Basi iwekeni miaka hiyo pamoja. Mwaka ule ule ambao kusini watu walikuwa wakichimba mizizi porini wapate kula, kaskazini mwa Rufiji mezani palitandikwa vitambaa vyeupe kwa jina la Kaisari. Kodi iliyotafutwa kwa kiboko huku kusini iliingia katika hazina ile ile iliyowalipa mishahara maofisa waliokula kule.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Mjerumani aliondoka, akaja Mwingereza, na hoteli ikapewa jina la New Africa, yaani Afrika Mpya. Jina lilikuwa la Afrika, lakini viti vilikuwa vya Wazungu. Mwafrika aliingia kwa mlango wa nyuma, akiwa boi au mpishi. Jengo lile la kale liliondolewa baadaye, na mahali pake pakajengwa hoteli nyingine ya ghorofa nyingi yenye jina lile lile.

RELI ILING'OLEWA, GHOROFA IKASIMAMA

Tukapata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka 1965 ikafunguliwa Hoteli ya Kilimanjaro, pale Kivukoni, ikitazama bandari. Ilijengwa kwa ushirikiano wa Serikali na kampuni ya Kiisraeli, maana siku zile Israeli ilikuwa rafiki yetu katika mambo mengi ya maendeleo. Urafiki huo ulivunjika mwaka 1973.

Hatutaki kuwasingizia wazee wetu. Nia yao ilikuwa njema. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika tangu 1963. Wageni walikuwa wakimiminika: viongozi wa nchi, wapigania uhuru, mabalozi, waandishi wa habari, na wapelelezi wakiwafuata nyuma. Taifa huru lisingeweza kuwapeleka wageni wake wote katika hoteli iliyojengwa kwa ajili ya Kaisari. Kilimanjaro ilikuwa hoteli ambayo mtu mweusi aliingia kwa mlango wa mbele bila kuuliza ruhusa, na jambo hilo si dogo. Fahari ile ilikuwa ya haki.

Lakini fahari ina bei yake, na bei hiyo ililipwa na nani? Hapo ndipo tunapotaka wasomaji watutazame vizuri.

Watu wa kusini tunakumbuka Mpango wa Karanga. Waingereza waliuanzisha mwaka 1947, na kufika 1951 ulikuwa umekufa. Kwa ajili yake walijenga bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea, na mwaka 1958 tawi la reli hiyo likafika Masasi. Mwaka 1962 reli ile ilifungwa, kisha mataruma na vyuma vikang'olewa, kwa sababu ati haikulipa. Miaka mitatu baadaye ghorofa ya Kilimanjaro ikafunguliwa. Hatusemi kwamba vyuma vya Masasi ndivyo vilivyosimamisha hoteli Kivukoni. Tunasema kwamba taifa changa lilikuwa na fedha kidogo, likachagua. Likachagua mji. Na kwa miaka mingi baadaye mtu wa Ndanda aliyetaka kwenda kuiona hiyo ghorofa yake alikwama Rufiji wakati wa masika, akingoja kivuko.

AZIMIO LILIYASEMA HAYO

Asije mtu akasema kwamba haya ni maneno ya uchochezi ya vijana wa leo. Yamo katika Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967. Azimio lilieleza waziwazi kwamba mikopo mingi tunayokopa nchi za nje inatumika mijini, lakini walipaji wake ni wakulima. Likataja barabara za lami, taa za umeme, mabomba ya maji, na likazitaja hoteli pia. Likasema kwamba vitu hivyo viko mijini zaidi, vimejengwa kwa mikopo, havimnufaishi mkulima moja kwa moja, lakini vitalipwa kwa fedha za kigeni zinazopatikana kwa mazao yake. Likaonya kwamba tusipoangalia, watu wa mjini watageuka kuwa wanyonyaji wa watu wa shamba.

Tulielezee jambo hili kama tunavyoeleza darasani. Deni la nje halilipwi kwa shilingi, linalipwa kwa fedha za kigeni. Miaka ile tulipata wapi fedha za kigeni? Katika mkonge, pamba, kahawa, almasi, na korosho. Karani wa mjini hauzi kitu Ulaya. Mwenye baa hauzi kitu India. Aliyepalilia mkorosho Newala, akaokota korosho moja moja chini ya mti, akaibeba kichwani hadi kituoni, ndiye aliyeleta ile dola. Dola ikaenda Dar es Salaam kununua lifti.

Na mwanamke wa uwanda wa Makonde je? Wasomaji wa Newala hawahitaji kuambiwa. Juu ya uwanda ule hakuna mto. Mama zetu waliteremka ngema kutafuta maji bondeni, wakapanda tena na ndoo kichwani. Mradi wa Maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950, na shida ya maji bado haijatutoka. Mama huyo ndiye aliyelipia bafu la ghorofani.

KOROSHO ZIKAANGUKA

Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho, na nyingi zilitoka Mtwara na Lindi. Tulikuwa miongoni mwa wakubwa wa dunia katika zao hili. Kufika 1986/87 mavuno yalikuwa hayafiki tani 20,000.

Sababu zinajulikana. Bei aliyopewa mkulima ilikuwa ndogo mno kulingana na bei ya dunia. Watu walihamishwa katika vijiji vipya, wakaiacha mikorosho yao mbali ikamezwa na majani. Ugonjwa wa ubwiri ukaingia. Vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa mwaka 1976. Mnyonge alibebeshwa kila kitu mpaka mgongo ukavunjika.

Na mgongo ulipovunjika, ghorofa nayo ilianza kupasuka. Miaka ya 1980 nchi haikuwa na fedha za kigeni za kununulia hata vipuri. Basi wale wanaosema hoteli ya mjini haihusiani na korosho watueleze: kwa nini vilidhoofika pamoja?

VIJANA WALIULIZA MWAKA 1970

Jambo la hoteli na utalii lilikwisha kujadiliwa hadharani, na Chama hakikuogopa mjadala. Mwaka 1970 vijana wa TANU wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandika katika gazeti la The Standard, wakauliza kama utalii wa hoteli kubwa kubwa unapatana na ujamaa. Wengine wakajibu kwa ukali kwamba nchi inahitaji fedha za kigeni na vijana wanahitaji kazi. Barua zikafuatana. Mwaka 1973 Issa Shivji aliyakusanya majadiliano hayo katika kitabu, nacho kikachapishwa na Tanzania Publishing House.

Hakuna aliyetupwa nje ya taifa kwa kuuliza. Leo kijana akiuliza swali lile lile katika mkutano wa tawi anaambiwa analeta chokochoko. Tumerudi nyuma au tumekwenda mbele?

KAISARI NA KEMPINSKI

Miaka ya 1990 ikaja siasa ya kubinafsisha mashirika ya umma. Hoteli ya Kilimanjaro nayo ikaingia katika safu hiyo. Katika miaka ya mwanzo ya 2000 ilifungwa, ikakarabatiwa kwa mtaji wa kutoka nje, na katikati ya miaka hiyo ikafunguliwa upya ikiwa na jina la Kempinski, kampuni yenye asili ya Berlin. Baadaye likaja jina la Hyatt Regency, la Kimarekani, na Kilimanjaro ikabaki mkiani.

Watu wa kusini wana kumbukumbu. Mwaka 1906 jina la hoteli lilitoka Berlin. Miaka mia moja baadaye likatoka Berlin tena. Hatusemi kwamba Mjerumani wa leo ni yule wa Maji Maji, la hasha. Safari hii hakuja na mzinga, alikaribishwa. Tunauliza tu nani alimkaribisha, kwa masharti gani, na mwenye mali aliulizwa lini.

Hapa panahitaji kusemwa neno gumu. Aliyekuwa Rais wakati huo alikuwa mtoto wetu wa Masasi, marehemu Mzee Benjamin William Mkapa, aliyezaliwa hapa hapa kwetu mwaka 1938 na kuzikwa Lupaso mwaka 2020. Tunamheshimu. Alikuwa mhariri wa magazeti ya Chama, The Nationalist na Uhuru, tangu 1966, na alijua kalamu ni nini. Daraja la Rufiji lililofunguliwa mwaka 2003 lina jina lake, na linastahili kuwa nalo: mtu wa Ndanda hangoji tena kivuko. Lakini heshima si kufumba macho. Mzee ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza maswali katika magazeti hawezi kuheshimiwa na watu wasiouliza. Ubinafsishaji ulipitishwa juu ya vichwa vya wananchi, na haukuwa mwema zaidi kwa sababu aliyekuwa juu alikuwa wa kwetu.

GHALA LA NEWALA

Sasa ndugu wasomaji mtazame jambo moja ambalo lazima lituunguze.

Katika miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980 Serikali ilijenga viwanda kumi na viwili vya kubangua korosho. Vilikuwapo Mtwara, Lindi, Masasi, Newala na kwingineko. Navyo vilijengwa kwa mikopo, Benki ya Dunia ikiwamo. Navyo vililipiwa na mkulima. Hoteli na kiwanda ni ndugu wa baba mmoja.

Ulipofika wakati wa kubinafsisha, ndugu hao wawili wakaenda sokoni pamoja. Hoteli ilipata mtu wa kuijenga upya mpaka inang'aa. Viwanda navyo vilipata wanunuzi, lakini vingi havikubangua. Vikafungwa, au vikageuzwa maghala ya kuwekea korosho ghafi zinazongoja meli. Mashine zikakaa kimya. Wasichana ambao wangepata kazi humo wakaenda Dar es Salaam, na wengine wao, kama wana bahati, wanatandika vitanda vya hoteli.

Mpaka leo sehemu kubwa ya korosho zetu huondoka zikiwa na maganda yake kwenda India na Vietnam. Wenzetu wanazibangua, wanazipanga kwa madaraja, wanaziuza duniani kote. Ukikaa katika hoteli ya kifahari popote ukaletewa kibakuli cha korosho mezani, uliza zimebanguliwa wapi. Usishangae ukijibiwa kwamba zimesafiri kwa meli kwenda na kurudi.

Haya yangeweza kuzuiwa kwa sharti moja tu: anayechukua kiwanda cha umma abangue, au arudishe. Kama sharti hilo liliandikwa, nani alilisimamia? Kama halikuandikwa, nani alilisahau?

MAJIBU KWA WAPINZANI

Wanasema: hoteli inaleta ajira na kodi. Ni kweli, na hatutaki ivunjwe. Hata ghala la Newala lina mlinzi anayelipwa mshahara. Swali si kama kipo kinachobaki. Swali ni kinabaki kiasi gani, na kiasi gani kinaondoka pamoja na faida, ada ya jina, mvinyo na siagi kutoka nje. Tupewe hesabu, tutahukumu wenyewe.

Wanasema: Serikali haiwezi kuendesha hoteli. Huenda. Lakini mtu asiyeweza kuendesha ng'ombe wa ukoo hamuuzi kimya kimya usiku. Anaita ukoo, anataja bei, anaeleza fedha zitafanya nini.

Wanasema: mkulima hatalala katika hoteli ile hata ikiwa ya umma. Tupige hesabu ya darasa la nne. Mwaka 2018 Serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Tuseme chumba ni shilingi 330,000 tu, kwa wepesi wa kugawanya. Ni kilo mia moja, zaidi ya gunia zima, kwa usiku mmoja. Kweli, hatalala. Lakini hatudai kulala. Tunadai kwamba kilichotoka kwetu kirudi kwetu kwa sura nyingine: kiwanda, maji, shule, dawa ya salfa kwa wakati.

Na wanasema: hayo yamepita. Hayajapita. Mwaka 2018 huo huo Bunge lilibadilisha sheria, na ile asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazokwenda nje, ambayo ilikuwa ya kuendeleza zao lenyewe, ikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa kusini walipiga kelele, wakashindwa. Ni wimbo ule ule wa 1965 kwa ngoma mpya: jasho linatoka huku, uamuzi unatoka kule.

TUNADAI HESABU

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tunadai daftari.

Kwanza, kila tawi la Chama katika Masasi, Newala na Tandahimba lisomewe orodha ya mali zote za umma zilizobinafsishwa katika mkoa wetu: nini kiliuzwa, kwa nani, kwa bei gani, kwa masharti gani. Isomwe kwa Kiswahili, tena mbele ya watu, si kubandikwa ubaoni kwa lugha ya mawakili.

Pili, kiwanda chochote cha korosho kilichochukuliwa na kugeuzwa ghala kirudishwe mikononi mwa vyama vya ushirika au mikononi mwa mtu atakayebangua. Ghala lolote tunaweza kulijenga wenyewe kwa matofali ya kuchoma. Hatukukopa Benki ya Dunia ili tupate ghala.

Tatu, mali ya taifa isiuzwe wala kukodishwa tena, iwe hoteli ya Dar es Salaam au bandari au shamba, kabla ya habari yake kufika matawini na wanachama kupata nafasi ya kusema.

Nne, historia hii ifundishwe. Sisi walimu tunawafundisha watoto urefu wa Mlima Kilimanjaro. Tuwafundishe na habari za ghorofa yenye jina hilo, wajue kwamba haikuota yenyewe kama uyoga.

Ndugu wanachama, mikutano ya matawi iko karibu. Asiingie mtu mkutanoni kushangilia na kutoka. Asimame mkulima, ataje gunia lake, aulize liliko. Kiongozi mwenye jibu atajibu. Asiye na jibu tutamjua, na siku ya kupiga kura ndani ya Chama tutamkumbuka.

Shime wananchi! Uhuru na Kazi!